Pikipiki Moja, Miaka Mitatu

"Ya mwaka gani, mzee?"

Dada wa dirishani, pale ofisi ya usajili wa vyombo vya moto, aliuliza bila kuinua macho, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya ushuru, ya bima, ya stakabadhi za meli. Hili la mwaka nililiona jepesi, nikalijibu kama mtu anayeulizwa jina la mwanawe: "Sitini na nane."

Akapekua jalada. "Hati ya Marekani inasema sabini. Ya forodha nayo sabini." Akageuza ukurasa mwingine. "Mkaguzi ameandika sitini na tisa. Na wewe unasema sitini na nane." Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Pikipiki ni moja, mzee?"

Nikamwambia ni moja. Akafunga jalada, akanirudishia, akaita anayefuata. Ilinichukua miezi saba kurudi kwenye dirisha lile nikiwa na mwaka mmoja.

Nimewasimulia watu wengi kisa hiki, na karibu wote hudhani nitailaumu ofisi. Ofisi ilikuwa na makosa yake, nitayafikia, lakini shida kubwa ilikuwa kwamba katika ile miaka mitatu hapakuwa na mwaka wa uongo. Aliyeandika sabini alikuwa na sababu, aliyeandika sitini na tisa alikuwa na sababu, na mimi na sitini na nane yangu nilikuwa na sababu. Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza fomu inataka swali lipi lijibiwe.

Mashine yenyewe ni Triumph Bonneville T120R, silinda mbili, cc 650, iliyotengenezwa kiwanda cha Meriden, nje kidogo ya Coventry, Uingereza. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1942 baada ya kile cha zamani cha mjini Coventry kuteketezwa kwa mabomu mwishoni mwa 1940, na kikafungwa mwaka 1983. Sehemu kubwa ya Bonneville za enzi hizo zilivuka bahari kwenda Marekani, na yangu ilikuwa mojawapo. Ilinunuliwa huko ikiwa mpya na mtu mmoja, ikakaa kwake hadi akafariki, na mpwa wake ndiye aliyeniuzia. Tulielewana haraka. Alinitumia picha kumi na mbili, nikazitazama mpaka usiku wa manane. Picha ya namba ya fremu haikuwemo, na mimi sikuiomba.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili lilifuata siku iliyofuata, nilipompa wakala wa forodha nakala ya hati ya umiliki na kumwambia, "Jaza kama ilivyoandikwa humo." Akajaza 1970. Angejazaje vingine?

Sasa nieleze ile sabini ilitoka wapi, maana wengi wanaoagiza pikipiki za zamani kutoka Marekani watakutana nayo. Katika majimbo mengi, zamani, hati ya umiliki ya pikipiki iliandikwa mwaka ambao mashine iliuzwa mara ya kwanza. Duka lilipokea shehena, nyingine zikauzwa wiki ileile, nyingine zikabaki dukani msimu mzima au zaidi. Ikija kuuzwa Aprili 1970, karani anaandika 1970, na kuanzia hapo kila mmiliki, kila kampuni ya bima na kila fundi ataiita ya 1970. Karani yule hakudanganya. Alirekodi siku ambayo mashine ilipata mwenyewe.

Ile sitini na tisa ya mkaguzi ilitoka kwenye chuma chenyewe. Katika msimu wa 1969, Triumph na kampuni ndugu yake ya pikipiki, BSA, walianza kugonga herufi mbili mbele ya namba ya injini na ya fremu. Herufi ya kwanza ni mwezi. A ni Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei. F inarukwa, kisha G ni Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Herufi ya pili inafuata mpangilio uleule lakini inahesabu misimu: C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972, na kuendelea. Yangu imegongwa XC. Mkaguzi alikuwa na jedwali, akaitazama C, akaandika 1969. Naye hakudanganya.

Lakini msimu wa kiwanda haukuanza Januari. Ulianza baada ya likizo ya kiangazi, mwezi wa Agosti, ambapo mashine za mwaka unaokuja zilianza kuunganishwa. Kwa hiyo X ya msimu wa 1969 ni Desemba ya 1968. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo, nikaliweka moyoni, nikatembea nalo kifua mbele. Mashine yangu iligongwa namba Desemba 1968, basi ni ya 1968, nani atabisha?

Nikiri pia kwamba nilitaka iwe ya 1968. Wapenda pikipiki tuna udhaifu huo: mwaka ukirudi nyuma hata kwa wiki mbili, mashine inaonekana tukufu zaidi. Mtu mwenye kupenda jibu fulani hawezi kuwa mpelelezi mzuri, na kwa miezi miwili ya mwanzo nilikusanya tu vile vilivyoniunga mkono.

Kuna mtu ataniuliza, mwaka mmoja una tofauti gani? Kwenye mashine ya juzi pengine hauna. Kwenye ya zamani, mwaka ndio unaoamua mashine inaingia mlango upi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, linaanza kuhesabu kitu kuwa cha kihistoria kikitimiza angalau miaka 30. Marekani huruhusu kuingizwa kwa chombo kisichokidhi viwango vyao vya usalama kikitimiza miaka 25, na wanahesabu tangu tarehe kilipotengenezwa. Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa chombo kilichotengenezwa zaidi ya miaka 40 kabla ya Januari 1 ya mwaka husika. Tena wao wameweka kifungu ninachokipenda: kama hujui lini kilitengenezwa lakini kilisajiliwa kabla ya Januari 8, kinahesabiwa kuwa cha mwaka uliotangulia. Anayeelewa viwanda ataona busara iliyomo. Kitu kilichosajiliwa Januari 5 hakikuunganishwa Januari 3. Ushuru, vipimo vya moshi, taa za ishara, hata aina ya kibao cha namba, vyote vinaweza kuning'inia kwenye tarakimu moja.

Na zaidi ya faida, kuna hatari. Jalada lenye miaka mitatu linanuka wizi. Anayekagua magari ya wizi hutafuta mambo mawili: namba zisizolingana na tarehe zisizolingana. Mimi nilikuwa na yote mawili, ingawa la namba nilikuwa sijalijua bado.

Nililigundua siku nilipoamua hatimaye kuipiga picha namba ya fremu. Kwenye Triumph za aina hii namba iko upande wa kushoto wa shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Nikainama na tochi, nikaona rangi nyeusi, nene, laini kama kaimati. Mtu mmoja huko nyuma aliipaka fremu rangi tabaka juu ya tabaka, na namba ikafunikwa kabisa. Mkaguzi kumbe alisoma namba ya injini tu, akaijaza pote pawili.

Fundi wangu alichukua msasa wa mashine. Nilimdaka mkono. Namba za kiwandani zimegongwa kwa kina kidogo, na msasa wa umeme haujui rangi inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Ukiila ncha ya tarakimu, hakuna mtaalamu duniani atakayeapa kwamba haijachezewa. Tulitumia dawa ya kulainisha rangi, tukaisugua kwa kitambaa na mswaki wa meno, tabaka moja, tunapumzika, tabaka la pili. Mchana mzima. Jioni namba ikatoka, herufi XC zikiwa mbele. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua kwa penseli laini, alama zikajichora zenyewe. Karatasi ile imenisaidia kuliko picha zote, kwa sababu penseli huonyesha umbo na ukubwa halisi wa kila herufi, wakati picha inategemea mwanga. Ukipiga picha, washa tochi ubavuni mwa namba, usiimulike kwa mbele, vinginevyo mng'ao utazimeza tarakimu.

Namba ya fremu ililingana na ya injini, na hivyo ndivyo kiwanda kilivyofanya enzi hizo: namba ileile mahali pawili. Nikafurahi kwa dakika kama tano. Kisha nikaichukua hati ya Marekani na kusoma tarakimu moja moja. Ya tatu, kwenye chuma, ni 3. Kwenye hati ilikuwa 8.

Zaidi ya miaka hamsini hati ile ilikuwa na kosa la taipureta na hakuna aliyeliona.

"Bosi," fundi aliniambia kwa sauti ya chini, "kuigeuza tatu kuwa nane ni dakika mbili."

Ni kweli, ni dakika mbili. Na ni jinai, na pia ni ujinga. Injini za msimu wa 1969 zilianza kuwekewa, pale namba inapogongwa, uso wenye vijinembo vidogo vya Triumph vilivyojazana kama chapa ya noti. Ukikwangua au kugonga upya, vijinembo vinavunjika na kila mwenye macho anaona. Kiwanda kilifanya hivyo kwa kuwawazia watu kama sisi pale gereji jioni ile. Nikamwambia fundi aweke nyundo chini. Tangu hapo nimekutana na watu wawili ambao hawakuiweka, na mashine zao hadi leo ni vyuma vya kutazama uani. Haziuziki, haziandikishiki.

Nilimwandikia mpwa wa marehemu. Bwana yule alikuwa mwungwana sana. Alipanda darini, akashusha boksi la karatasi za mjomba wake, akapata risiti ya duka: Aprili 1970, namba kamili, yenye tatu mahali pa tatu. Kwa risiti hiyo na ile karatasi yangu ya penseli, jimbo lao likatoa barua ya masahihisho. Usiwahi kununua pikipiki ya zamani bila kumuuliza muuzaji kama kuna boksi. Watu hutupa hati kwa sababu zinaonekana takataka, na risiti ya duka ni takataka yenye thamani kuliko tangi jipya.

Somo lingine hapo: hati za zamani za Marekani mara nyingi zilibeba namba ya injini, wala si ya fremu. Kwangu haikudhuru kwa kuwa zinalingana. Lakini kwenye foleni ya ofisi nilikutana na mzee mmoja mwenye Harley-Davidson ya 1947, na yeye alikuwa kwenye mateso ya aina yake. Fomu ilidai namba ya fremu. Harley-Davidson haikugonga namba hiyo kwenye fremu mpaka 1970. Kabla ya hapo utambulisho wote ulikuwa kwenye injini, na kwa miaka ile namba ilianza na tarakimu mbili za mwaka, yake ikianza na 47FL. Mfumo wa kompyuta ulikuwa unagoma kwa sababu nyingine pia: ulitaka herufi na tarakimu 17. Utaratibu huo wa 17 ulianza kutumika Marekani kwa magari ya 1981, na kuutaka kwa mashine ya 1947 ni kama kumdai babu yako alama za mtihani wa kompyuta. Mzee alikuwa ameshauriwa na fundi wake, kama mimi, agonge. Aligoma pia. Tukawa marafiki wa benchi.

Kilichotuokoa wote wawili ni kwamba viwanda viliandika vitabu. Vitabu vya Triumph vya Meriden, vinavyoonyesha kila mashine ilitoka lini na ilipelekwa kwa nani, vimehifadhiwa Uingereza na Vintage Motor Cycle Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1946. Unawatumia picha za mashine, picha na msuguo wa penseli wa namba za fremu na injini, wao wanafungua daftari na kukupa hati ya tarehe. Wenye BMW za zamani hupata kitu kama hicho kutoka idara ya historia ya kampuni yenyewe. Kwa pikipiki za Kijapani kazi ni tofauti kidogo: mara nyingi kinachokusaidia ni jedwali la namba za fremu, aina fulani ikianzia namba fulani na kuishia fulani. Ile Honda CB750 maarufu iliyoingia sokoni 1969, kwa mfano, ilianza na CB750-1000001, na mwenye kuzijua atakupangia mashine yako kwa kutazama umbali wake kutoka hapo.

Barua yangu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Nikaifungua nikiwa na uhakika wa ushindi, nikitafuta neno moja tu, Desemba.

Ilisema hivi kwa ufupi: mashine ya msimu wa 1969, namba iligongwa Desemba 1968, ilitoka kiwandani Januari 1969 ikielekea Baltimore, kwa Triumph Corporation, waliokuwa wasambazaji wa upande wa mashariki.

Januari. Nilikaa na barua ile mkononi kwa muda. Namba iligongwa upande mmoja wa mwaka mpya na mlango wa kiwanda ulifunguliwa upande wa pili. Mke wangu aliniuliza kama kuna msiba.

Nilipoirudisha barua ofisini nilielekezwa kwa msimamizi, na hapa mambo yakachukua mkondo nisioutarajia, kwa sababu msimamizi alikuwa mpenzi wa pikipiki. Nilidhani ni bahati. Akatoka nje hadi ilipoegeshwa, akaizunguka, akagusa tangi, akatabasamu. "Nyekundu na fedha. Hii rangi ni ya sabini, kaka. Hati ya Marekani iko sahihi."

Na tangi kweli lilikuwa na rangi ya 1970. Astral Red na fedha ndizo rangi za Bonneville mwaka huo. Ya 1969 ilipaswa kuwa na ile nyekundu yenye uchungwa iliyoitwa Olympic Flame, pamoja na fedha. Mtu anayejua nusu ya jambo ni mgumu kuliko asiyejua kitu, maana hutaki kumkosea heshima na hutaki kumkubalia. Nikamwomba anipe nusu saa na fundi wangu.

Rangi ni nguo. Mtu hatambuliwi kwa shati. Tukaanza kumwonyesha vitu ambavyo si rahisi kuvibadilisha. Breki ya mbele ya ngoma yenye viatu viwili vinavyotangulia ilianza 1968, lakini mkono wake ulibadilishwa 1969, kebo ikashuka sambamba na foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Yangu iko hivyo, basi si ya msimu wa 1968. Bomba dogo linalounganisha mabomba mawili ya eksozi karibu na injini, hilo nalo lilianza 1969. Kisha fundi akamwonyesha mahali injini inapopumulia. Kwenye msimu wa 1970 kiwanda kiliipitisha pumzi hiyo kwenye kasha la cheni ya kwanza. Yangu bado ina njia ya zamani, kwenye ncha ya kamshafti, mhimili unaofungua vali. Hicho kimo ndani ya kasha la injini, hakuna mwenye duka aliyekibadilisha kwa ajili ya urembo. Tukafungua taa. Vifaa vingi vya umeme vya enzi hizo vya Lucas, kampuni ya Uingereza, vimepigwa mwezi na mwaka, na vyangu vyote vilisoma miezi ya mwisho ya 1968.

Mwishowe fundi akalifungua tangi, akaligeuza. Chini, kwenye kona inayokaa juu ya fremu, palikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja ambacho mpakaji hakukifikia. Kilikuwa na rangi ya uchungwa uliokolea.

Dhana yangu, na ni dhana tu: mashine ilikaa dukani zaidi ya mwaka, msimu mpya ukaingia, na mwenye duka akaivisha nguo ya msimu ili isionekane imelala. Mnunuzi akaondoka akiamini ana ya 1970, na risiti ikamwambia hivyo, na hati ikamwambia hivyo. Alikufa akiamini hivyo.

Msimamizi alisimama kimya, kisha akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza tangu mwanzo. "Sasa kanuni yetu inataka tarehe ipi?"

Tukaingia ndani, akakitoa kijitabu, tukakisoma pamoja. Fasili ilikuwa mistari miwili. Mwaka wa kutengenezwa ni mwaka ambao chombo kilikamilika na kutoka kiwandani. Kwa hiyo kugongwa namba hakuhesabiki, kuuzwa hakuhesabiki, na msimu una chumba chake chini ya fomu, mahali pa aina na toleo. Tarehe ya kitabu cha Meriden ndiyo inayotakiwa: Januari 1969. Yule mkaguzi wa mwanzo, ambaye nilimdharau kwa kusoma jedwali nusu, alikuwa ameandika mwaka sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Kanuni hizi hutofautiana nchi na nchi, na kwingine wangechukua ile Desemba, kwingine ile Aprili ya kuuzwa. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: kabla hujamtafuta mtaalamu wa pikipiki, tafuta ukurasa wa fasili kwenye kanuni za ofisi yako, uusome mwenyewe, ukipenda uutoe nakala. Mimi nilikuwa najua herufi za Triumph kwa moyo lakini sikuwa nimesoma mistari miwili ya ofisi.

Ilibaki forodha. Tamko langu lilisema 1970, na kadi isingeweza kutoka na mwaka mwingine mpaka tamko lirekebishwe. Sehemu hii haina utamu wa kusimulia. Barua, nakala zilizogongwa mihuri, wakala asiyepokea simu, karani aliyeandika herufi O mahali pa sifuri hivyo tukaanza upya. Ilikula miezi miwili na nusu kati ya ile saba, kwa ajili ya sentensi moja niliyomwambia wakala nikiwa na haraka. Kama ningekuwa nimeomba msuguo wa namba na hati ya tarehe mashine ingali kwa muuzaji, tamko lingeandikwa mara moja. Tena Wamarekani wenyewe hutaka hati halisi na mashine zifikishwe forodha yao angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo ule ndio wakati wa kukagua kila tarakimu, mashine ikiwa bado nje ya kreti.

Yule mzee wa Harley alimaliza wiki mbili kabla yangu. Walikubali barua ya klabu yake, wakaandika namba ya injini kwenye vyumba vyote viwili, na kuweka maelezo pembeni. Alinipigia simu akicheka kama mtoto.

Siku yangu ilipofika, dirishani alikuwa dada yuleyule. Hakunikumbuka, au alijifanya. "Ya mwaka gani, mzee?" Nikamsukumia jalada bila kujibu. Akapekua hati moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akapiga muhuri.

Tangi nimeliacha na nyekundu yake ya 1970, maana ndiyo aliyoipenda mwenyewe wa kwanza. Kwenye mikusanyiko hakosi mtu wa kuinama, kulitazama, na kunitangazia kwamba hii ni ya sabini. Naitikia. Akiendelea kubisha na kadi, natoa penseli na karatasi kwenye mfuko wa koti, namwonyesha shingo ya fremu.